Jinsi Nyufa za Ardhi Zinavyokua na Kuunganika

Neno 'ufa' limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ufa wa ukutani ni ufa, na Bonde la Ufa nalo limepewa jina hilo hilo, ilhali wanajiolojia hutofautisha mpasuko mtupu na ufa ambao pande zake mbili zimesogea. Makala haya yanashughulikia aina moja ya nyufa zilizosogea: zile ambazo pande zake hazipandi wala kushuka, bali hupishana ubavu kwa ubavu. Tutauita ufa wa mtelezo wa kando, hadi wanaistilahi watupatie jina bora. Bonde letu la Ufa si mfano wake mzuri, kwani huko ardhi hasa hutanuka na kudidimia. Mfano ulio bayana uko Uturuki.

Wengi hudhani kwamba ufa mrefu huanza kama mkato mmoja, mithili ya kisu kipitacho katika mkate. Sivyo. Mnamo 1929, mtafiti Wolfgang Riedel alieleza majaribio ya udongo wa mfinyanzi uliotandazwa juu ya mbao mbili, kisha mbao hizo zikasukumwa zipishane. Udongo haukukatika sambamba na mpaka wa mbao. Ilitokea kwanza mipasuko mifupi mingi, imejipanga safu moja lakini kila mmoja umekaa mshazari, kwa pembe ya takriban digrii 15. Mbao zikizidi kusogea, mipasuko hiyo hurefuka, ncha zake hupitana, na hatimaye udongo uliosalia kati yake huvunjika. Hapo ndipo ufa mmoja huzaliwa.

Miamba nayo hufuata mkondo huo, ila kwa muda mrefu mno. Siri imo katika ncha. Kipande cha ufa kinapoteleza, mkazo hurundikana nchani. Ncha mbili zikikaribiana, mkazo wa moja huichochea nyingine, na mwamba ulio kati hukatwakatwa na nyufa ndogo za kukingama. Iwapo vipande vimepangana kwa namna inayouvuta mwamba huo, ardhi hubonyea na pengine ziwa hutuama. Iwapo vinaubana, vilima huinuka. Aidha, vipande vinavyoonekana mbalimbali juu ya ardhi huenda vikawa ufa mmoja kilomita kadhaa chini, kama vidole vinavyokutana kiganjani. Ramani ya juu, basi, haitoshi kutuambia ufa unaishia wapi.

Suala hili si la kinadharia tu. Ukubwa wa tetemeko hutegemea sana urefu wa ufa uvunjikao kwa mkupuo mmoja, na nafasi kati ya vipande ndiyo huamua iwapo mvunjiko utasimama au utavuka. Uchunguzi wa matetemeko yaliyopita unaonyesha kwamba ni nadra mvunjiko kuvuka nafasi inayozidi kilomita 5. Tarehe 17 Agosti 1999, Ufa wa Anatolia ya Kaskazini ulivunjika karibu na Izmit. Mvunjiko ulivuka nafasi zilizopo Gölcük na kwenye Ziwa Sapanca, ambazo zote ni nyembamba, na zaidi ya watu 17,000 wakafariki. Huko Gölcük, palipo na mvuto, sehemu ya ufuo ilizama baharini. Mnamo 12 Novemba mwaka huo huo, kipande cha mashariki, karibu na Düzce, kikavunjika nacho.

Tetemeko la 6 Februari 2023 kusini mwa Uturuki, la ukubwa wa 7.8, lilianza katika ufa mdogo wa pembeni. Laiti lingeishia humo! Liliingia katika Ufa wa Anatolia ya Mashariki kupitia makutano yao, likaenea kwa zaidi ya kilomita 300.

Sasa macho yanaelekezwa chini ya Bahari ya Marmara, kusini mwa Istanbul. Tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilitokea humo tarehe 23 Aprili 2025, lakini lilivunja sehemu ndogo tu. Sakafu ya bahari hiyo ina mabonde marefu yaliyochimbika pale vipande vya ufa vinapopokezana. Wachunguzi wanataka kujua iwapo vipande hivyo vimekwisha kuungana chini ya mabonde hayo, kwa maana vikivunjika kimoja kimoja, mji huo utapatwa na matetemeko kadhaa ya wastani. Vikivunjika pamoja, utapatwa na moja kubwa.