Eugenios Voulgaris na Lugha ya Darasani (Sehemu ya Pili)

Mwezi Agosti 1716 majeshi ya Sultani wa Istanbul yalikuwa yamekizingira kisiwa cha Corfu, na watu wa mji walikuwa ngomeni wakihesabu siku. Mzingiro ulivunjika, adui akapanda meli zake akaenda zake. Siku zilezile, katika familia moja iliyokuwa imekimbilia kisiwani kutoka Zakynthos, alizaliwa mtoto wa kiume. Wakamwita Eleftherios, maana yake Huru. Jina hilo hakudumu nalo. Alipokuwa shemasi, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alijiita Eugenios, na Eugenios Voulgaris ndilo jina analojulikana nalo hadi leo.

Katika sehemu ya kwanza tulitazama jinsi Wagiriki waliokuwa chini ya dola ya Osmani walivyowekwa mikononi mwa Patriaki wa Konstantinopoli katika mambo ya dini, ndoa na elimu. Shule ilikuwa ya Kanisa. Mwalimu mwenye fikra mpya hakuwa na pa kusimama ila ndani ya joho la kasisi, na fedha hakuwa na pa kuzipata ila kwa wafanyabiashara. Voulgaris alivipata vyote viwili. Tena Corfu ilikuwa chini ya Venice, si chini ya Sultani, kwa hiyo njia ya Italia ilikuwa wazi kwake. Alijua Kilatini na Kiitalia mapema, na vitabu vilivyokuwa vikibishaniwa Ulaya alivisoma mwenyewe, hakusimuliwa.

Kabla hatujamfuata darasani, tuweke wazi jambo moja, kwa sababu bila hilo kisa chote kitaonekana ni ugomvi wa mapadri. Mgiriki wa karne ya 18 alikuwa na Kigiriki zaidi ya kimoja. Kulikuwa na kile cha sokoni na nyumbani, ambacho mama alikitumia kumwita mwanawe. Kulikuwa na kile cha Injili na ibada, ambacho watu walikisikia kila Jumapili wakakielewa nusunusu. Na kulikuwa na Kigiriki cha kale, lugha ya Plato na ya wasemaji wa Athens, chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ambacho hakuna mtoto aliyekipata kwao. Elimu ilikuwa ni hicho cha tatu.

Mtoto alianza kwa kusoma Zaburi na vitabu vya ibada kwa sauti, akaja sarufi, akakaa kwenye sarufi miaka. Kisha akapewa maandishi ya kale, na juu ya kila neno akaandikiwa maneno mengine mawili, matatu au manne yenye maana iyo hiyo, ayakariri yote. Aliyepitia chuoni, au aliyewahi kuona nakala za Hamziya ambamo beti za Kiswahili zimewekwa pamoja na beti za Kiarabu, atapata picha ya ukurasa huo. Tofauti ni kwamba Hamziya inampeleka msomaji kwenye maana, ilhali yule mtoto wa Kigiriki mara nyingi alipewa neno gumu lifafanuliwe kwa neno jingine gumu. Walimu waliuita mtindo huo psychagogia, yaani kuiburudisha nafsi. Nadhani wanafunzi walikuwa na jina lao.

Mwaka 1742 Voulgaris aliitwa Ioannina, mji wa biashara kaskazini-magharibi mwa Ugiriki ya leo. Ndugu wa ukoo wa Maroutsis, wenyeji wa mji huo waliotajirikia Venice, walikuwa wamefungua shule na walitaka mwalimu wa kuipa sifa. Msomaji atauliza mfanyabiashara wa ngozi na vitambaa anatafuta nini kwenye falsafa. Sehemu ya jibu ni ya kawaida: biashara ya mbali inahitaji barua, hesabu na lugha. Sehemu nyingine ni heshima. Tajiri aliyeishi ugenini miaka thelathini alitaka jina lake libaki mjini kwao, na shule ilidumu kuliko karamu.

Mpaka wakati huo falsafa katika shule hizo ilikuwa Aristotle, na Aristotle mwenyewe alisomwa kupitia maelezo ya Theophilos Korydalleus, msomi aliyefariki 1646. Voulgaris hakumtupa Aristotle. Alifanya jambo la hatari zaidi: alimweka mezani pamoja na wengine. Aliwasomesha vijana Leibniz na Wolff wa Ujerumani, akawaeleza fizikia ya Newton, na kwa ajili yao alitafsiri sehemu ya kitabu cha Mwingereza John Locke kuhusu akili ya binadamu. Locke anadai kwamba mtu hazaliwi na mawazo tayari kichwani. Anayoyajua yote yameingia kwa njia ya hisi na kwa kuyatafakari yale yaliyoingia. Hoja hiyo leo haimshtui mtu. Katika shule ambayo ukweli wote ulihesabiwa kuwa umekwisha andikwa na wazee, ilimaanisha kwamba kijana wa miaka 18 ana ruhusa ya kuangalia mwenyewe.

Ioannina kulikuwa na shule nyingine, na mkuu wake, Balanos Vasilopoulos, hakumpokea mgeni kwa furaha. Ubishi ukawa mkali, ukachanganyika na wivu na mashaka ya dini, na Voulgaris akahamia Kozani. Hii itakuwa tabia ya maisha yake: anaitwa kwa shangwe, darasa linajaa, maadui wanajipanga, anafunga vitabu vyake anaondoka.

Mara iliyofuata aliitwa mahali ambapo hakuna aliyetegemea kumsikia Locke. Mlima Athos ni rasi ya watawa, mahali ambapo hadi leo mwanamke haruhusiwi kukanyaga. Mwaka 1749 shule ilianzishwa juu ya kilima karibu na monasteri ya Vatopedi, na 1753 Patriaki Kyrillos wa Tano alimkabidhi Voulgaris. Wanafunzi, inaelezwa, walikuwa kama 20 alipofika, wakakaribia 200. Walitoka visiwani, Balkani, hata ng'ambo ya Danube. Juu ya mlango palikuwa na maandishi yaliyoigwa kutoka kwenye yale yanayosimuliwa kuhusu shule ya Plato: anayeitaka jiometri aingie, asiyeitaka atafungiwa mlango.

Hebu tutulie hapo mlangoni kidogo. Kuitanguliza jiometri kulikuwa na maana yake. Katika jiometri cheo cha mwalimu hakisaidii kitu. Ukisema pembe tatu za pembetatu jumla yake ni sawa na pembe mbili mraba, mwanafunzi anaweza kukudai uthibitisho, na ukishindwa huwezi kumjibu kwamba ndivyo walivyosema mababa. Mtu aliyezoea kudai uthibitisho asubuhi hawezi kuacha tabia hiyo mchana anapofunguliwa kitabu kingine. Watawa wengine wa Athos walilifahamu hilo vizuri kuliko wanavyosifiwa.

Waliopita katika shule hiyo hawakufanana hata kidogo. Alikuwamo Kosmas wa Aetolia, aliyekuja kuwa mhubiri wa vijijini, akaanzisha shule nyingi na kuuawa na watawala mwaka 1779. Kanisa sasa linamhesabu mtakatifu. Alikuwamo Athanasios Parios, ambaye baadaye aliandika kwa ukali dhidi ya falsafa ya Ulaya na kila kilichotoka huko. Na alikuwamo Iosipos Moisiodax, mzaliwa wa Cernavodă kando ya Danube, ambaye tutarudi kwake muda si mrefu.

Shule ilianza kutetereka kutoka juu. Patriaki Kyrillos aliondolewa kitini 1757 akaja kuishi Athos, na mlezi aliyekaa jirani akageuka mwingiliaji. Wanafunzi waligawanyika makundi, wengine wakimpinga mwalimu wao waziwazi. Mwanzoni mwa 1759 Voulgaris akaondoka. Shule ikazorota, na leo pale juu ya Vatopedi pamebaki magofu yanayoonekana kutoka baharini. Alifundisha kwa muda katika shule ya Patriaki mjini Konstantinopoli, napo hakukaa, kisha akavuka mpaka. Alikuwa na miaka karibu 50, na hakurudi tena darasani.

Alifikia Leipzig, mji wa vitabu, na huko mwaka 1766 akachapisha kile alichokuwa akikifundisha kwa miaka mingi kutoka katika madaftari: *Mantiki*. Ni kitabu kikubwa, chenye elimu ya mtu aliyesoma wa kale na wa sasa bila kubagua, na kilisomeshwa katika shule za Wagiriki kwa muda mrefu. Kiliandikwa kwa Kigiriki cha kale. Si hilo tu. Katika dibaji Voulgaris alitoa hukumu kwamba vijitabu vinavyojidai kufundisha falsafa kwa lugha ya watu wa kawaida vinastahili kupigiwa miluzi viondoke jukwaani.

Hapa ndipo ninapoachana naye. Mtu huyu ndiye aliyemwambia kijana kwamba akili yake inatosha kuyapima mambo. Kisha akaweka kati ya kijana na upimaji huo lugha inayohitaji miaka saba au minane kuijua, na wengi waliishia kwenye sarufi wakidhani wamesoma falsafa. Watetezi wake husema lugha ya sokoni haikuwa na msamiati wa Leibniz. Ni kweli haikuwa nao. Lakini hata Kigiriki cha kale hakikuwa na msamiati wa Newton, na Voulgaris aliuunda bila kulalamika.

Tena alijua kuiandika lugha nyepesi alipotaka. Mwaka 1768 alitoa kwa Kigiriki chepesi zaidi tafsiri ya andiko la Voltaire kuhusu mifarakano ya makanisa ya Poland, akaongezea maelezo yake mwenyewe na insha juu ya kuvumiliana katika dini. Neno la jambo hilo halikuwapo katika Kigiriki. Akaliunda, anexithriskeia, na mpaka sasa Wagiriki wanalitumia. Insha inasema kwamba mtawala aishike dini yake kwa moyo wote, lakini asimtese kwa nguvu asiye wa dini hiyo. Ni andiko jema, na lilitoka kwa wakati unaofaa mno: Urusi ilikuwa ikidai kuwatetea Waorthodoksi wa Poland, na Malkia Katerina wa Pili alihitaji kalamu za aina hiyo. Voulgaris akatafsiri pia Maagizo ya malkia huyo kuhusu sheria, na 1771 akawasili St Petersburg.

Kwa hiyo ilipokuwa ni kuwavuta watu upande wa Urusi katika vita vyake na Sultani, lugha ya watu ilitosha. Ilipokuwa ni kuwafundisha kufikiri, haikutosha.

Maisha yake ya Urusi nitayapita haraka. Vita viliisha 1774, nchi mpya za kusini zikahitaji askofu, na Voulgaris akawa Askofu Mkuu wa Slavensk na Kherson, makao yake yakiwa Poltava. Mwaka 1779 akajiuzulu, akamwachia kiti Mgiriki mwenzake wa Corfu, Nikephoros Theotokis. Akawa mzee wa vitabu. Alimgeuza Virgil kutoka Kilatini kwenda Kigiriki cha mashairi ya Homer: kwanza utenzi wa kilimo, 1786, kisha *Aeneid* nzima kuanzia 1791. Kazi hiyo ni ya ufundi wa ajabu. Mkulima wa Kigiriki aliyehamia Kherson angesomewa utenzi huo wa kilimo asingetambua hata mahali panapotajwa jembe.

Moisiodax naye alishika njia nyingine. Kutoka Athos alikwenda kusoma Padua, na mwaka 1761 akachapisha Venice tafsiri ya kitabu cha maadili cha Muratori wa Italia, kwa lugha nyepesi. Mwaka 1765 alipewa ukuu wa Chuo cha Iași, katika Romania ya leo, na akaanza kufundisha hisabati na fizikia mpya kwa Kigiriki ambacho wanafunzi walikizungumza nje ya darasa. Wakubwa wa mji walicheka. Hesabu kwa lugha ya jikoni! Wakaona mwalimu hana elimu, kwa sababu wanamwelewa. Hakudumu hapo.

Alijibu mwaka 1780 kwa kitabu alichokiita *Utetezi*, kilichochapishwa Vienna. Ndani yake anamtaja mwalimu wake wa Athos kwa heshima, kisha anambishia bila kigugumizi: hakuna lugha duni kwa asili, kuna lugha ambayo haijatumiwa na wajuzi. Mwaka uliofuata alitoa *Nadharia ya Jiografia*, na humo akausimamia mpango wa Copernicus, kwamba jua ndilo lililo katikati.

Mwaka 1805, mjini Vienna vilevile, kilitoka kitabu cha Voulgaris kuhusu mpango wa ulimwengu. Mwandishi alikuwa anakaribia miaka 89, akiishi katika monasteri ya Alexander Nevsky mjini St Petersburg, na alibakiza mwaka mmoja tu wa kuishi. Baada ya kupima hoja zote alichagua mpango wa Mdenmark Tycho Brahe: sayari zinalizunguka jua, na jua pamoja nazo linaizunguka dunia iliyotulia. Hoja zimepangwa vizuri, moja baada ya nyingine, kwa Kigiriki cha kale kisicho na doa. Moisiodax hakukisoma. Alikuwa amefariki Bucharest mwaka 1800.

(Itaendelea)