Soma Boksi Kabla ya Kununua Globu

Siku hizi nyumba nyingi mpya za Tunduma, Mpemba na Vwawa zinawekwa dari ya jipsamu. Fundi hutoboa matundu ya duara katika dari, na katika kila tundu huzamisha taa. Taa haining'inii. Huonekana uso wake tu, na sebule hupendeza. Lakini taa hizi zina tabia yake, na asiyeijua hupoteza fedha. Mimi mwenyewe nilipoteza.

Niliweka taa sita sebuleni. Nikaweka pia swichi ya kuzungusha, ile ya kupunguza na kuongeza mwanga. Mafundi huiita dima. Nilitaka mwanga mdogo watoto wanapolala, na mwanga mkubwa ninaposahihisha madaftari. Nilinunua globu za LED za bei nafuu, nikatupa boksi. Usiku wa kwanza nilipozungusha swichi, taa zilianza kukonyeza. Zikafifia, zikawaka, zikafifia tena. Swichi nayo ikavuma ukutani kama nyuki. Baada ya wiki chache globu mbili zilikufa.

Niliwaeleza wanakisomo wangu. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani boksi lilisemaje?" Darasa zima likacheka. Sikuwa nimelisoma, mimi ninayefundisha watu kusoma!

Kwa nini taa zilikonyeza? Globu ya zamani ina uzi mwembamba wa chuma ndani yake. Umeme ukipita, uzi hupata moto na kutoa mwanga. Dima hupunguza mwanga kwa kukata umeme kidogo kidogo, mara 100 katika kila sekunde moja. Uzi haujali, kwa sababu hauwahi kupoa. Jicho huona mwanga mdogo uliotulia.

Globu ya LED haina uzi wa moto. Ndani yake mna vipande vidogo sana vinavyotoa mwanga, na nyuma yake mna kifaa cha kuvilisha umeme kwa kipimo. Umeme ukikatwa-katwa, kifaa hicho huchanganyikiwa kama hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Huwasha, huzima, hupata joto, mwisho huharibika.

Kwa hiyo tafuta neno hili kwenye boksi: DIMMABLE. Maana yake globu hiyo inakubali dima. Ukiona NON-DIMMABLE, au NOT DIMMABLE, globu hiyo haikubali. Na kama boksi halisemi lolote, ihesabu kuwa haikubali. Maneno haya ni ya Kiingereza, lakini mtu anayejua herufi anaweza kuyanakili kwenye karatasi na kwenda nayo dukani. Wanakisomo wangu walifanya hivyo.

Sasa tufanye hesabu. Globu za zamani za dari zilikuwa za wati 50. Sita zilikula wati 300. Zikiwaka saa nne, zilimaliza yuniti 1.2 za LUKU kwa usiku mmoja. Za LED ni wati 5 kila moja, na sita ni wati 30. Kwa saa nne hizo hizo hula yuniti 0.12. Yuniti moja inatosha siku nane. Faida hiyo ni kubwa, wala sishauri mtu arudi kwenye globu za zamani.

Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyonikamata. Dima yangu ilikuwa imeandikwa wati 40 mpaka 400. Maana yake haifanyi kazi vizuri chini ya wati 40, na mimi nilikuwa na 30 tu. Hata globu nzuri zingekonyeza. Basi jumlisha wati za taa zote, kisha nunua dima ya LED ambayo kipimo chake cha chini hakizidi jumla yako, na cha juu hakipungui. Ukiweza, mwombe muuzaji aijaribu pamoja na globu moja mbele yako.

Tazama volti pia. Umeme wa gridi ni volti 230, huku kwetu na ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, kwa hiyo globu ya upande wowote itawaka. Lakini zipo globu za volti 12, za sola. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa TANESCO, itaungua hapo hapo.

Jambo la mwisho ni joto. LED haichomi kama globu ya zamani, lakini mgongo wake hupata joto, nao umo ndani ya dari. Kule Mbozi kwenye baridi wengine huziba dari kwa magunia makuukuu. Magunia yasifunike taa. Globu isiyopata hewa hufa mapema, na gunia kavu karibu na waya uliotafunwa na panya linaweza kuwaka moto. Kazi ya waya na swichi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, akiwa amezima swichi kubwa.

Globu nilizonunua mara ya pili ni DIMMABLE, na dima mpya inaanzia wati 5. Usiku nikiizungusha mpaka chini, unabaki mwanga kidogo, wa kumtosha mtoto kuuona mlango.