Pamba, Nguo na Hewa ya Ukaa

Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu hutegemea mvua, hulima kwa jembe la mkono au la kukokotwa na ng'ombe, na huchuma pamba yake kwa mikono. Kazi hiyo hutumia mafuta kidogo sana. Hata hivyo, shati lililotokana na pamba linapomfikia mnunuzi wa Ulaya, huwa limekwisha kusababisha kilo kadhaa za hewa ya ukaa kuingia angani. Hewa hiyo hutoka wapi? Na kampuni ya nguo inapotangaza kwamba itaipunguza, huwa inahesabu sehemu ipi?

Chanzo chake

Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia yana kaboni. Yanapoungua, kila atomu ya kaboni huungana na atomu mbili za oksijeni. Uzito wa atomu ya kaboni ni 12 na wa oksijeni ni 16. Kwa hiyo gramu 12 za kaboni hutoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Ndiyo kusema, kilo 1 ya kaboni hutoa karibu kilo 3.7 za hewa hiyo. Hewa ya ukaa hupitisha mwanga wa jua, lakini huzuia sehemu ya joto litokalo ardhini lisipotee angani. Kadiri inavyozidi, ndivyo dunia inavyozidi kupata joto.

Safari ya pamba

Baada ya kuvunwa, pamba mbegu hupelekwa kwenye kiwanda cha kuchambulia. Hapo nyuzi hutenganishwa na mbegu na kufungwa marobota. Zamani ilikusudiwa kwamba hatua zinazofuata nazo zifanyike karibu na mashamba. Ndiyo sababu vilijengwa viwanda vya nguo vya Mwatex mjini Mwanza na Mutex mjini Musoma. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje ingali nyuzi, ikasokotwe, ifumwe na kutiwa rangi huko.

Hatua hizo ndizo zinazokula nishati nyingi. Chukua mfano wa kutia rangi. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 95 za Selsiasi kwahitaji kilojuli 29,400, yaani 100 × 4.2 × 70. Ikiwa kilo 1 ya makaa ya mawe hutoa kilojuli 25,000, zitahitajika kilo 1.2 hivi, hata kama boila haipotezi joto lolote. Makaa hayo yakiwa na kaboni asilimia 65, yatatoa karibu kilo 2.8 za hewa ya ukaa. Nguo huoshwa na kusuuzwa mara nyingi, na baadaye hukaushwa kwa joto.

Aina ya nishati nayo ina uzito wake. Mashine ileile ya kusokota, ikiendeshwa kwa umeme wa maji kama ule wa Bwawa la Julius Nyerere lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, husababisha hewa ya ukaa kidogo kuliko ikiendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe.

Maana ya lengo

Kampuni ya Otto ya Hamburg, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1949, kwa miaka mingi iliuza nguo na bidhaa nyingine kwa njia ya posta. Leo huuza zaidi kwa intaneti. Mwaka 2005 mwenyekiti wake, Michael Otto, alianzisha mfuko unaosimamia mpango wa pamba ya Afrika inayolimwa kwa mvua, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki.

Kampuni hiyo pia ilijiwekea lengo la kupunguza hewa ya ukaa kwa nusu ifikapo mwaka 2020, ikilinganishwa na mwaka 2006. Lengo hilo lilihusu majengo yake na usafirishaji wa bidhaa zake. Shamba, kinu cha kusokota na birika la rangi havikuwamo.

Wataalamu hugawa hesabu ya kampuni katika mafungu matatu. La kwanza ni mafuta yanayochomwa na kampuni yenyewe; la pili ni umeme inaoununua; la tatu ni yote yanayofanywa na wengine kwa ajili ya bidhaa zake. Kwa muuza nguo asiye na kiwanda, fungu la tatu hupita mengine yote kwa mbali. Lengo lisiloligusa fungu hilo huacha nje sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Kuna mtego mwingine. Tuseme duka huuza mashati 1,000,000, na kila shati lina kilo 6 za hewa ya ukaa: jumla ni tani 6,000. Duka likipunguza hadi kilo 4.5 kwa shati, litajisifu kwa kupunguza asilimia 25. Lakini likiuza mashati 1,600,000, jumla itakuwa tani 7,200. Anga haipokei hewa kwa wastani wa shati, hupokea jumla.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Mkulima asiye na maji ya kumwagilia hutegemea mvua ifike kwa wakati na kwa kiasi. Mei 2024 Ziwa Victoria lilifikia kina kilichopita vyote vilivyowahi kupimwa, na maji yakaingia katika makazi ya mwambao. Tukio moja halitoshi kuwa ushahidi. Lakini hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huzidi ukubwa. Kwa hiyo anayechangia kidogo katika shati ndiye aliye karibu zaidi na hasara, naye ana haki ya kujua hesabu ya wengine.

Zoezi

1. Kampuni yatangaza kwamba imepunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 30. Taja maswali matatu ya kuiuliza kabla ya kuisadiki.
2. Katika mfano wa duka, ni mashati mangapi yanaweza kuuzwa bila jumla kupita tani 6,000?
3. Shati likivaliwa miaka minne badala ya miwili, hesabu ya kila mwaka wa kulivaa hubadilikaje?