Kusafiri Pamoja na Mizigo

Siku hizi mtu akitaka kuvuka bahari hupanda ndege, na kesho yake amekwisha kufika. Hata hivyo wako wasafiri wachache ambao huchagua merikebu ya mizigo. Hupewa chumba kidogo, hula pamoja na wakubwa wa merikebu, na kutoka Ulaya hadi Amerika hukaa majini siku 10 hivi.

Jambo moja katika safari hiyo latuhusu sana. Merikebu ya mizigo haipokei abiria zaidi ya 12. Ndivyo yasemavyo mapatano ya mataifa juu ya usalama wa baharini, yaliyoanza kutungwa London mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic. Hesabu hiyo ikizidi, chombo huwa cha abiria, nacho hufungwa na sheria kali zaidi za kuokoa watu. Nahodha hana ruhusa ya kusema, “Ongezeni mmoja tu.”

Sisi wa Masisi na Walikale tuko mbali na bahari, lakini kusafiri pamoja na mizigo twakujua. Tumeketi juu ya magunia katika malori. Na kule Kilambo, wilayani Walikale, tumeona ndege zikitua barabarani kuchukua kasiteriti. Vita vilipoikata barabara ya Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, watu wa Masisi walishuka na maharagwe yao hadi Minova, wakapanda mashua za kwenda Goma.

Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kiitwacho Merdi, kilichotoka Minova kimejaa kupita kiasi, kilizama kikiwa karibu kufika bandari ya Kituku, Goma. Siku ile gavana wa Kivu ya Kusini alitaja watu 278 waliokuwamo, na 78 waliokufa.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma jinsi Mtakatifu Paulo alivyosafiri kwa merikebu ya ngano. Walikuwamo watu 276, karibu sawa na wale wa Merdi. Dhoruba ilipozidi, ngano ilitupwa baharini. Merikebu ilivunjika, lakini watu wote walifika pwani salama.

Mwaka 2019, baada ya ajali nyingine katika Ziwa Kivu, Rais Tshisekedi aliagiza abiria wavae makoti ya kujiokolea. Agizo hilo tulishike sisi wenyewe. Baba na aliulize koti la kila mtoto kabla ya kulipa nauli. Mwanafunzi arudiye shuleni na asione haya kukishuka chombo kilichojaa. Naye mwenye chombo, akiwa Mkristo, na akumbuke kwamba Amri ya Tano yamfunga hata majini.

Gunia lililoachwa bandarini litasafiri kesho. Mtu aliyezama hatumpati tena.