Lemera hadi Uvira: gari dogo la zamani linaruhusiwa kuvuta mzigo kiasi gani?

Volkswagen ya zamani, ile ambayo wengi bado wanaiita Coccinelle, inaweza kushuka kutoka Lemera hadi Uvira ikivuta remorke bila kuvunja sheria. Lakini kama remorke hiyo haina breki zake yenyewe, mzigo unaoruhusiwa ni mdogo kuliko wenye magari wengi wanavyodhani: magunia mawili ya maharage ya kilo 100, basi. Gunia la tatu tayari ni kosa, na kwenye mteremko wa Lemera ni zaidi ya kosa.

Lemera, katika sheferi ya Bafuliiru, teritware ya Uvira, inajulikana mbali kwa hospitali yake na kwa mapatano ya AFDL ya Oktoba 1996. Kwa mkulima wa huko jambo la kila wiki ni lingine: namna ya kufikisha ndizi, mihogo na maharage kwenye soko la uwandani au mjini Uvira. Mashamba yako juu milimani, barabara ya kitaifa nambari 5 iko chini katika uwanda wa Ruzizi, na kati yake kuna njia ya udongo yenye kona nyingi. Lori halipatikani kila siku. Pikipiki inabeba kidogo. Ndiyo maana mwenye gari dogo anawaza kufunga ndoano nyuma, akampe fundi wa kuchomea vyuma ekseli ya gari lililokufa, na baada ya siku chache ana remorke.

Sheria inasema nini? Zaïre ilijiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, na mwaka uliofuata ikatoa sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo kodi ya barabara. Katika Mkataba ule, remorke nyepesi ni ile ambayo uzito wake wa juu, pamoja na mzigo, hauzidi kilo 750. Mwenye leseni ya gari dogo, kategoria B, anaweza kuivuta bila leseni nyingine. Hapo ndipo wengi wanapoishia kusoma. Wanashika ile 750 na kuondoka nayo.

Kuna namba ya pili, na hiyo ndiyo inayomhusu mwenye gari dogo. Remorke nyepesi inasamehewa kuwa na breki zake pale tu ambapo uzito wake wa juu hauzidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta, gari likiwa tupu. Coccinelle ya 1200 ina uzito wa kilo 760 hivi. Nusu yake ni 380. Remorke ya chuma iliyotengenezwa kienyeji, pamoja na magurudumu yake, haikosi kufika kilo 150 au 160. Kinachobaki ni kilo 220. Renault 4 ni nyepesi zaidi, na mzigo wake unapungua pia. Hata Toyota Probox, ambayo ikiwa tupu ina tani moja na kitu, haifiki popote karibu na 750 bila breki. Inaishia kwenye 500 na kidogo, remorke yenyewe ikiwa ndani ya hesabu.

Ni hesabu inayouma kwa mtu aliyekwisha kununua chuma. Lakini haikutungwa na askari wa barieri ili apate cha kuuliza. Inatoka katika jambo ambalo kila dereva wa milimani analijua kwa mguu wake: breki za gari dogo zilipimwa kwa ajili ya gari hilo na watu wake, hazikupimwa kwa ajili ya kitu kingine kinachosukuma kutoka nyuma.

Yako mambo mengine ambayo Mkataba unayataka, na ni ya bei ndogo. Pamoja na ndoano lazima kuwe na mnyororo au waya wa chuma wa akiba, ili ndoano ikikatika mkono wa remorke usianguke chini na remorke isiende zake peke yake. Nyuma kunawekwa vioo viwili vyekundu vya pembetatu, ncha ikiangalia juu. Pembetatu ndiyo inayomwambia dereva anayekuja usiku kwamba mbele yake kuna remorke, si gari tu. Taa za nyuma, za breki na za kuonyesha kona lazima zifanye kazi. Na kama remorke haina namba yake yenyewe, inabeba nyuma namba ya gari linaloivuta.

Kuhusu karatasi, polisi wa barabarani wataomba leseni, karte roze, vinyeti na asiranse. Swali ambalo mwenye gari anapaswa kuliuliza mwenyewe, kabla hajaulizwa, ni kama asiranse yake imeitaja remorke. Gari likigonga mtu, karatasi inasoma gari. Remorke ikijifungua na kugonga mtu, ndipo mabishano yanapoanza. Anayevuka Kavinvira kwenda Bujumbura anahitaji pia karte ya manjano ya COMESA, na swali ni lile lile. Uzito, kwa kawaida, hakuna anayeupima. Remorke ya fundi haina kibandiko cha kiwanda kinachosema inabeba kilo ngapi, kwa hiyo askari anatazama kwa macho na dereva anajibu kwa mdomo. Fundi mwenye busara angepiga rangi uzito huo ubavuni mwa remorke, ukubwa wa kuonekana, hata kama hakuna aliyemwomba.

Mteremko wenyewe haudanganyiki. Coccinelle za 1200 zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Ngoma inapashwa joto na kila kukanyaga, na ikikosa nafasi ya kupoa, mguu unakanyaga lakini gari halipungui mwendo. Njia ya kuzuia hilo ni ya zamani: kushuka na vitesi ile ile ambayo gari lingepandia, mara nyingi ya pili, hata ya kwanza, motere ikishika mwendo, na breki zikiguswa kwa vipindi vifupi. Kuweka neutre ili kuokoa mafuta, tabia iliyozoeleka, ni kuachia mzigo wa nyuma uamue.

Kuna ubaya mwingine ambao hauna uhusiano na breki. Remorke iliyopakiwa vibaya inaanza kuyumba kama mkia, kwanza kidogo, halafu kila yumbo linazidi lililotangulia. Hii hutokea hasa pale mzigo mzito ulipowekwa nyuma ya ekseli, kwa sababu nyuma ndiko rahisi kupakulia. Magunia yakae juu ya ekseli, na kidogo mbele yake, ili mkono wa remorke ulalie ndoano bila kuikandamiza sana. Kwa gari dogo, hesabu ya kilo 20 hadi 30 juu ya ndoano inatosha. Ikizidi hapo, Coccinelle inapata taabu ya pekee yake: motere yake iko nyuma tayari, ndoano iko nyuma ya motere, na mzigo ukilala huko mbele kunakuwa kwepesi. Usukani unageuka, gari linachelewa kufuata. Kona za njia ya Lemera hazina nafasi ya kuchelewa.

Kupanda kuna shida yake, ingawa haiui. Motere ya Coccinelle inapozwa kwa hewa na kwa mafuta yake. Ikipanda polepole na mzigo kwenye jua la saa saba, mafuta yanapata moto na kuwa mepesi. Dereva anayesimama mara mbili njiani, motere ikizunguka taratibu bila kuzimwa mara moja, hajapoteza muda.

Umeme nao unasahauliwa. Coccinelle nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zinatumia volti 6, na balbu zinazouzwa leo ni za volti 12. Zikifungwa kwenye remorke ya gari kama hilo zinawaka kama mkaa unaokaribia kuzimika. Mchana dereva hajali. Usiku, kati ya Sange na Kiliba, lori linalokuja nyuma linaona giza. Watu wa uwanda huu hawahitaji kukumbushwa gharama ya mzigo unaopinduka: tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange na kuwaka, na zaidi ya watu 230 walikufa.

Huko Ulaya, remorke ndogo ilizaa nyumba ya magurudumu, karavani. Eriba za Kijerumani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1957, zilifanywa nyepesi makusudi ili gari la mtu wa kawaida liziweze. Mpaka wa kilo 750 upo huko pia, na Ujerumani gari lenye karavani halivuki kilomita 80 kwa saa bila kibali. Kongo iliziona karavani mapema: mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini zile zilivutwa na magari yenye nguvu, na hata hivyo matope na mito ya huku viliwatoa jasho. Anayeota kulala ndani ya karavani ufukweni mwa Tanganyika akiwa na Renault 4 hajakatazwa na sheria. Atafute tu karavani yenye breki.

Na breki hizo si jambo la kiwanda tu. Aina inayofaa remorke ndogo haihitaji bomba wala umeme kutoka kwenye gari. Gari likipunguza mwendo, remorke inalisukuma. Msukumo huo unarudisha nyuma chuma kilicho kwenye mkono wa remorke, na chuma hicho kinavuta kebo ya breki za magurudumu yake. Fundi anayeokota ekseli ya gari lililokufa pamoja na ngoma zake, badala ya kuzitupa, amekwisha kupata nusu ya kazi. Remorke ya namna hiyo inatoka katika kile kifungo cha nusu ya uzito; kinachobaki ni uzito ambao kiwanda cha gari kiliruhusu kuvutwa, na huo unaandikwa katika kitabu cha gari.

Ina kero moja. Breki za zamani za aina hii zinajikaza zenyewe gari linaporudi nyuma, kwa kuwa gari linasukuma mkono wa remorke vile vile kama linaposimama. Kuna pini ya kuzuia, na lazima mtu ashuke kuiweka kwa mkono. Kwenye njia nyembamba ya Lemera, lori likitokea mbele na mmoja akilazimika kurudi nyuma hadi penye upana, mwenye remorke anahitaji mtu wa pili ndani ya gari: wa kuweka pini, na wa kuikumbuka kuiondoa kabla ya kuendelea kushuka.