Ukuta kwanza, marumaru baadaye: laki mbili zifanye nini kwenye nyumba ya Kaliua

Tangu malipo ya tumbaku yaingie hadi mvua za kwanza za Novemba, sisi wa Kaliua tunapata miezi michache ya kuitengeneza nyumba. Ukuta umekauka, njia za vijijini zinapitika, na fundi hajarudi shambani. Ukipitisha Oktoba utapaka rangi juu ya unyevu, na rangi hiyo haitakaa. Kama una laki mbili mkononi na ada ya Januari inakuja, huna nafasi ya kujaribu mara mbili.

Msimamo wangu nautoa mapema: weka fedha kwenye ukuta, ukibakiwa na kitu nunua mwanga, kisha pazia. Marumaru na dari ya jipsamu ziache kwanza. Ni vitu vizuri, lakini kwa mwenye laki mbili vitaishia njiani, na chumba kilichoishia njiani kinachosha kuliko kilivyokuwa mwanzo. Bei nitakazotaja humu ni za kupigia hesabu tu. Weka za duka lako mahali pake, njia ya kuhesabu inabaki ileile.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba bei ya dukani na bei ya nyumbani ni vitu viwili. Kaliua ni njia panda ya reli: moja inaendelea Kigoma, nyingine inakata kwenda Mpanda, kilomita 210. Hata hivyo rangi, marumaru na mabati hayatengenezwi hapa. Enzi za misafara, merikani na kaniki zilipanda bei kadiri zilivyobebwa mbali na pwani, na zikifika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mnunuzi alikuwa analipia kitambaa pamoja na miguu ya wapagazi. Leo tunalipia dizeli.

Tabora mjini ni kilomita 120 hivi. Ukiona ndoo ya rangi kule ni nafuu kwa shilingi 8,000, usikimbilie stendi. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, hela ya mzigo kwenye basi, bodaboda ya kukufikisha nyumbani, na siku nzima uliyofunga biashara. Kwa ndoo moja umepata hasara. Kwa ndoo nne mlizochanga majirani watatu, safari inalipa. Ukiagiza kwa simu, ongeza makato ya kutuma fedha, na sema kabisa nani atabeba hasara ndoo ikifika imepasuka.

Sasa ukuta. Nilikodi fremu kwa ajili ya steshonari, nikanunua ndoo ya bei ya chini kabisa iliyokuwepo. Kijana alipaka siku moja, jioni chumba kinang'aa. Wiki ya tatu rangi ikaanza kubanduka vipande vipana, kama ganda la yai lililochemshwa, na nyuma ya kila kipande pana unga mweupe. Fundi mmoja mzee aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho akakwangua ukuta kwa ukucha, akanionyesha ncha ya kidole. "Mwanangu, hapa palikuwa na chokaa. Umepaka rangi juu ya unga." Nilirudia kazi yote, na mara ya pili nililipa zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu ilibidi kubandua kwanza.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya rangi, futa ukuta wako kwa kiganja kikavu. Kiganja kikitoka cheupe, una gharama ambayo dukani hawatakutajia: brashi ya waya, msasa, kuosha vumbi, na mkono mmoja wa rangi ya kushikiza kabla ya rangi yenyewe. Tenga siku nzima ya fundi kwa kazi hiyo. Ukiikwepa, hela yote inayofuata umeipaka hewani.

Angalia pia chini ya ukuta. Nyumba nyingi za huku ni za tofali za kuchoma, nyingine zimejengwa kwa tope, na maji yanapanda kutoka ardhini. Ukiona alama ya unyevu inayofika magotini, usiweke rangi ya mafuta hapo. Inaziba ukuta, maji yanakosa pa kutokea, na rangi inavimba malengelenge. Kwa ukuta wa namna hiyo chokaa ndiyo mshindi. Mfuko ni rahisi, unapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, na ukuta unaendelea kupumua. Weka chumvi kidogo kwenye maji ya kukorogea ili isichafue nguo haraka, paka mikono miwili au mitatu myembamba. Ubaya wake ni mmoja: itabidi urudie karibu kila mwaka, na siku utakayotaka rangi ya maji juu yake utaibandua yote kama nilivyofanya mimi.

Kwa ukuta mkavu wenye lipu, chukua rangi ya maji. Hapo ndipo watu wengi wanapotea kwa kutazama bei ya ndoo badala ya bei ya ukuta. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.6, kimo mita 2.7. Ukitoa mlango na dirisha, unabaki na mita za mraba 32 hivi. Rangi nzuri kwenye lipu laini, lita moja inapaka mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 6 na nusu. Rangi ya bei ya chini ni nyepesi, ukuta unaonekana kwa ndani, mpaka mikono minne: lita 13.

Tuseme ndoo ya lita 20 ya ile hafifu ni shilingi 45,000, na ya ile nzuri ni 110,000. Hafifu inakula shilingi 29,250 kwa chumba, nzuri 35,750. Tofauti iliyokutisha pale kaunta, ya 65,000, imebaki 6,500. Na bado hujamlipa fundi kwa mikono miwili ya ziada. Nzuri unaweza kuifuta kwa kitambaa chenye maji mtoto akichora. Hafifu ukiifuta inaondoka na kitambaa.

Lipu yako ikiwa ya mchanga mkavu, iliyoparuza, ongeza nusu ya kiasi hicho. Vikopo vidogo vya lita 4 viepuke kama unapaka vyumba viwili, kwa sababu lita moja ndani yake mara nyingi ni ghali kuliko lita moja ya ndoo. Tafuta kopo lenye alama ya ubora ya TBS na tarehe inayosomeka, tikisa usikie kama imeganda, na uondoke na risiti ya mashine. Bila risiti, ndoo mbovu ni ya kwako.

Kuna ufundi wa zamani ambao mashule na zahanati zetu hazijauacha, na nyumbani tunaudharau bure: mkanda wa rangi ya mafuta, wa rangi iliyokolea, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita 1. Hapo ndipo migongo ya viti inaposugua, na ndipo vumbi jekundu la kiangazi linapotua. Kwa chumba kile kile mkanda unahitaji lita 2 hivi kwa mikono miwili, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 inatosha sebule na chumba cha kazi. Juu ya mkanda unaweka nyeupe au krimu ya bei ya kati, kwa sababu huko hakuna anayegusa. Kahawia ya udongo, kijani cha majani ya mwembe au bluu iliyoiva, chagua moja tu kwa nyumba nzima. Rangi mbili nyumba nzima zinafanya vyumba vidogo vionekane vimepangwa na mtu mmoja. Masharti ni yale yale: ukuta uwe mkavu.

Fundi mlipe kwa kazi, siyo kwa siku, na kaeni muandike ni mikono mingapi. Usimtume dukani peke yake na fedha yako, maana cha juu kipo na wewe ndiye unayekilipa. Uliza mapema nani ananunua rola, brashi, msasa na karatasi ya gundi ya kuzuia rangi isimwagike kwenye fremu za madirisha. Vitu hivyo vidogo havijawahi kunigharimu chini ya bei ya chakula cha wiki. Bakiza theluthi ya malipo hadi ukague mchana, dirisha likiwa wazi.

Mwanga ndio unaofuata, na ndio wa bei ndogo kuliko vyote. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30 inakula yuniti 1.35. Ile ya zamani ya wati 60 inakula yuniti 9. Kwa chumba cha cherehani au steshonari weka mwanga mweupe juu ya meza yenyewe, usitegemee balbu moja ya katikati. Kama paa lako halina dari, bati moja linalopitisha mwanga litakupunguzia umeme wa mchana, lakini lipigiliwe na mtu anayejua kuziba misumari. La bei rahisi linageuka njano na kupasuka kwa jua la hapa.

Dari ya jipsamu nimesema iache, na sababu ni paa. Tone moja la mvua kupitia msumari uliolegea linaacha doa la chai lisilofunikika, na popo wakishaingia juu yake hutawatoa bila kubomoa. Bei ya bodi unayotajiwa haina mbao za kushikia, skrubu, unga wa kupiga juu, rangi na fundi umeme. Ziba misumari ya paa kwanza. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Kwenye sakafu, chumba chetu cha mita za mraba 10.8 kinataka, pamoja na asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, mita za mraba 11.9 za marumaru. Boksi lenye vipande 12 vya sentimita 40 kwa 40 ni mita za mraba 1.92, kwa hiyo maboksi 7. Juu yake weka saruji au gundi, unga wa kujazia mistari, vipande vya pembeni mwa ukuta, fundi, na vile vitakavyovunjika barabarani. Gharama ya kuweka inakaribia gharama ya marumaru zenyewe. Nunua boksi la akiba siku hiyo hiyo, maana mwakani hutapata rangi ile.

Kapeti la plastiki la kukata kwa mita linaficha sakafu siku hiyo hiyo. Miguu ya viti inalitoboa, na chini yake unyevu unalala. Kwa nyumba ya kupanga linafaa, unalikunja unaondoka nalo. Kwa nyumba yako mwenyewe, ziba nyufa na piga niru, ukipenda kwa unga mwekundu unaochanganywa na saruji. Saruji ni chache, fundi mzuri anamaliza chumba kwa siku moja, na ukiipaka nta mara mojamoja inazidi kung'aa miaka inavyokwenda. Sharti ni moja tu: usiikanyage mapema, na uimwagilie maji siku kadhaa isipasuke.

Fanicha ni mahali ambapo mkoa wetu una bahati na tunaitupa. Kabati la bodi za kubandika linavutia dukani, lakini maji ya kudekia yakiligusa miguu linavimba kama mkate, na skrubu ikitoka haishiki tena. Kiti cha mninga cha babu yako, hata kikiwa kimelegea, kina mbao ambazo mchwa hawazipendi. Mpe seremala akaze viungo, apige msasa, apake vanishi. Utatumia sehemu ndogo ya bei ya kipya. Ukinunua mbao mpya za mninga au mkurungu, dai karatasi za maliasili. Mbao za usiku zisizo na kibali zinaweza kukamatwa njiani, na aliyekuuzia hutamwona. Mbao za paina ni nyepesi na za bei ya chini, ila ziwe zimewekwa dawa. Usipake oili chafu kwenye mbao za ndani, harufu haiishi na nguo zinachafuka.

Sofa iliyobonyea nayo usiitupe. Badilisha sponji na kitambaa tu. Bonyeza sponji kwa ngumi dukani: ikichelewa kurudi, kitako kitakuwa kimegusa mbao kabla ya sikukuu.

Pazia pima kwa mita, usipime kwa macho. Dirisha la mita 1.2 linataka kitambaa cha upana wa mita 2.4 ili lijikunje vizuri, pamoja na fimbo, pete na fundi wa kushona. Za mitumba kwenye mnada mara nyingi ni nzito na zimeshashonwa. Zitandaze juani kabla ya kulipa uone zilipofifia. Kitenge kinapendeza, lakini dirisha la magharibi litakifuta rangi.

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwenye tembe alikokaa Livingstone mwaka 1872, angalia mlango. Kuta ni udongo tu, nene na tulivu. Kazi ya mikono imewekwa kwenye mbao zilizochongwa za mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia anapita. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu cha kupendeza, kiweke pale mgeni anapotupia jicho kwanza, iwe mlango uliopigwa vanishi upya au kaunta ya duka lako.

Mpangaji, neno moja kwako. Kodi ya miezi sita ukiwa umeshalipa, usichimbie fedha yako kwenye ukuta wa mtu bila karatasi. Mwombe mwenye nyumba akate gharama ya rangi kwenye kodi ijayo, muandikiane, muweke sahihi. Akikataa, paka chokaa, nunua taa, pazia na rafu ya kusimama. Vyote vinapanda kirikuu siku unahama.

Na kazi ikiisha, usimpe fundi rangi iliyobaki. Mimina lita moja kwenye chupa inayofunga, andika namba ya rangi na jina la duka juu yake, iweke kivulini. Kitanda kikikwaruza ukuta mwezi wa tatu, ndoo mpya haitafanana na ile.