Namba za Jirani Si Zako Kuzitoa

Ukifungua orodha ya namba kwenye simu ya mkulima wa Runyenjes, nchini Kenya, huenda ukakuta "Karani Majani Chai", "Boda Stage", "Pasta", "Daktari Ng'ombe", "Mweka Hazina Chama". Majina yameandikwa haraka haraka, ila mgeni akiyasoma atajua mwenye simu anauza nini, anasali wapi, na ni nani akiambiwa habari ya deni mdaiwa atashindwa kuinua uso. Programu za mikopo zililijua hilo mapema.

Wateja hawakukosekana. Bonasi kubwa ya majani chai huja mara moja kwa mwaka. Karo huja kila muhula, na pengo hilo huzibwa kwa mkopo.

Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu huuliza kabla programu haijasoma namba zako. Awali programu ilibeba ruhusa zote kwa mkupuo ilipowekwa. Lakini ukibonyeza "Ruhusu", kwa kawaida huchagui namba hii na ile. Programu hupata orodha nzima, na yaweza kuinakili hadi kwenye kompyuta za kampuni. Ukiondoa ruhusa baadaye, au ukaifuta programu yenyewe, umezuia usomaji wa kesho tu. Nakala ya jana iko kwao.

"Si uliruhusu mwenyewe?" Hoja hii hutolewa kwa ujasiri mwingi, na mimi naiona nyepesi. Mkopaji ana haki ya kutoa namba yake. Ya pasta ameipata wapi haki ya kuitoa? Pasta hakuulizwa, wala hakukopa hata shilingi.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilimkataza mkopeshaji wa kidijitali kuingia kwenye orodha ya namba za mteja ili awatumie watu ujumbe mteja huyo akichelewa kulipa. Mwaka uliofuata, Google ikazizuia programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake zisisome namba na picha za mtumiaji. Kwangu hatua hii ya pili ina meno zaidi, maana kanuni humngoja mkosaji akosee, na duka humfungia mlango. Kilichonikera ni kwamba mlango ulikuwa wa Google miaka yote hiyo. Tena programu inayopakuliwa kwa kiungo cha WhatsApp haipitii dukani, kwa hiyo huko bado ni kujihadhari.

Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000. Waliolalamika walikuwa watu ambao namba zao zilichukuliwa kwa wengine, kisha wakatumiwa vitisho. Kwa hiyo hata yule karani wa majani chai, akipigiwa simu kwa deni lisilo lake, anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Kamishna bila kumngoja mkopaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.